Behewa Dogo Lisilosema Uongo

Yapo mambo ambayo mtu mzima akiyafanya, watu hutazamana na kutabasamu. Kuwa na treni ndogo nyumbani ni moja kati ya hayo. Huko Marekani zipo nyumba nyingi ambamo baba, na mara nyingine mama, hurudi kazini jioni, hula chakula pamoja na watoto, kisha hushuka katika chumba cha chini ya nyumba akiwa na kisu chembamba, kibanio na miwani ya kukuza. Huko huketi saa mbili akitia vishikio vya waya katika behewa la mizigo lenye urefu wa sentimeta 14. Kesho yake hufanya vivyo hivyo. Behewa moja huweza kumchukua mwezi mzima, na likiisha huanza jingine.

Je, huu si upotevu wa wakati? Wake wengi wamejiuliza hivyo, tena si kwa sauti ya chini. Sisi nasi tumelipima swali hili, kwa kuwa linagusa fedha za nyumbani, wakati wa jamaa na mfano tunaowapa watoto. Tumeona kwamba jibu halipatikani kwa kuitazama treni nzima inavyozunguka mezani. Linapatikana kwa kulitazama behewa moja kwa karibu, na kuuliza kwa nini kila kipande kimewekwa pale kilipo.

Kipimo ni kimoja

Kipimo kinachopendwa zaidi Marekani huitwa HO. Kila kitu hupunguzwa mara 87. Mtu mwenye urefu wa meta 1 na sentimeta 75 anakuwa na sentimeta 2 tu. Reli za kweli, ambazo huachana kwa milimita 1,435, zinakuwa na nafasi ya milimita 16.5. Behewa la sanduku la futi 40, lile lililobeba nafaka, mbao, viatu, karatasi na vyakula vya makopo kote Amerika ya Kaskazini kwa zaidi ya nusu karne, linaenea katika kiganja cha mkono. Wapo pia wanaopenda kipimo cha N, ambacho hupunguza mara 160, na wengine hupenda kipimo cha O, ambacho Marekani hupunguza mara 48.

Ili treni za watu mbalimbali ziweze kupita juu ya reli moja, ilibidi watu wapatane. Mwaka 1935 waunda treni ndogo walikutana katika mji wa Milwaukee wakaanzisha chama chao cha taifa, na chama hicho kikaweka vipimo vya magurudumu na reli. Kikapendekeza hata uzito: behewa la HO liwe na gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu wake. Kwa hiyo behewa letu la sentimeta 14 linatakiwa kuwa na gramu 100 na zaidi kidogo. Likiwa jepesi mno litaanguka kwenye kona.

Lakini vipimo peke yake havileti ukweli. Behewa laweza kuwa na urefu ulio sawasawa na bado likawa la uongo.

Sanduku moja, majina mia

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda kama Athearn cha California viliwaletea watu mabehewa ya plastiki ya bei nafuu, yakiwa vipande ndani ya kiboksi. Baba na mtoto waliweza kuunda moja kwa jioni moja. Hilo lilikuwa jambo jema, na mabehewa hayo yamewafurahisha watoto wengi ambao leo ni wazee. Hata hivyo, kiwanda kilipokuwa na kalibu moja tu, kililipaka sanduku lilelile rangi za mashirika kadha wa kadha. Jina liliandikwa la shirika fulani, nembo ikawa yake, lakini shirika lenyewe halikuwahi kamwe kuwa na behewa la namna ile. Mlango ulikuwa mpana kupita kiasi, paa lilikuwa la aina nyingine, ncha zilikuwa na mikunjo tofauti. Ni kama kuichukua picha ya mama wa jirani na kuandika chini yake jina la mama yako.

Wapo watu ambao jambo hilo liliwakera. Hasa katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vidogo, ambavyo mara nyingi vilikuwa vya mtu na mkewe nyumbani, vilianza kumimina resini katika kalibu za mpira na kutoa mabehewa ya aina ambayo viwanda vikubwa havikujishughulisha nayo. Westerfield na Sunshine Models ni majina yanayokumbukwa kwa heshima. Waliopenda usahihi walianza pia kukutana kila mwaka wakiwa wamebeba mabehewa yao katika visanduku vyenye sifongo. Mikutano ya Naperville karibu na Chicago, na ile ya Cocoa Beach huko Florida, ilivuma sana. Kule hakuna zawadi ya mshindi. Behewa huwekwa mezani, kando yake kikaratasi kinachoeleza lilivyoundwa, na anayepita huuliza maswali. Baadaye viwanda vikubwa navyo vilifuata, na siku hizi behewa lililo tayari, lenye vishikio vya waya na mabomba yote ya breki, linanunuliwa dukani.

Kupata ukweli si kazi nyepesi. Chukua mfano wa behewa la PS-1, ambalo kampuni ya Pullman-Standard ilianza kulitoa mwaka 1947. Yaliundwa zaidi ya 100,000. Mtu angedhani kwamba yote yalifanana kama mayai. Sivyo. Shirika moja lilitaka mlango wa futi 6, jingine wa futi 8. Paa lilibadilishwa kadiri miaka ilivyopita. Usukani wa breki ulitoka kwa fundi huyu au yule, na njia ya kutembelea juu ya paa ilikuwa na matundu ya namna hii au ile. Anayetaka kuunda behewa moja lenye nambari moja atatafuta picha yake ya siku ile ile. Atafungua kile kitabu kikubwa cha orodha ambacho mashirika ya reli yalikitoa mara kwa mara, kikionyesha nambari za mabehewa yote na vipimo vyake. Hatakubali kukisia endapo anaweza kujua.

Hata tarehe huangaliwa. Kila behewa liliandikwa ubavuni mwezi na mwaka wa kuundwa, na pia mahali na siku lilipopimwa uzito mara ya mwisho. Kama mtu ameamua kwamba chumba chake kinaonyesha Oktoba 1953, behewa lililoundwa Januari 1954 halina ruhusa ya kuingia. Vivyo hivyo yale mabehewa ya barafu yaliyopakwa matangazo makubwa ya siagi, nyama na bia: mwaka 1934 tume ya serikali iliyosimamia biashara kati ya majimbo ilipiga marufuku matangazo ya namna hiyo kwenye mabehewa ya kukodi, na baada ya miaka michache yakatoweka. Yanapendeza macho, lakini katika treni ya mwaka 1953 hayana mahali.

Ngazi, usukani na njia ya ubao

Hapa ndipo tulipoanza kuelewa. Tazama behewa la sanduku la mwaka 1925 lililoundwa kwa uaminifu. Juu ya paa, katikati, ipo njia nyembamba ya mbao toka ncha hata ncha. Kwenye kila pembe pana ngazi au vishikio. Kwenye ncha moja, juu kabisa, upo usukani wa breki. Kwa mtoto hayo ni mapambo. Kwa mtu anayejua, hayo ni habari za maisha ya watu.

Zamani kila behewa la mizigo lilisimamishwa kwa mkono. Dereva alipopiga filimbi, wafunga breki walipanda juu ya paa wakakimbia kutoka behewa hadi behewa, treni ikiwa katika mwendo, wakizungusha usukani mmoja baada ya mwingine. Walifanya hivyo usiku, katika mvua, na wakati wa baridi mbao zikiwa zimefunikwa na barafu. Aliyeteleza alianguka kati ya mabehewa. Na mahali pa kuunganishia palikuwa pabaya zaidi. Mtu alisimama katikati ya mabehewa mawili, akaelekeza pete ya chuma kwa mkono wake iingie mahali pake, kisha akachomeka pini. Akichelewa kidogo tu, vidole vilikuwa vimekwenda. Ilisemwa kwamba mfunga breki wa miaka mingi alijulikana kwa vidole vyake vilivyokatika.

Mwaka 1873 Eli Janney wa Virginia alipewa hati ya kiungo kinachojifunga chenyewe, kama vidole vya mikono miwili vikishikana. Inasimuliwa kwamba alikichonga kwanza kwa kisu, cha mti, kikiwa kidogo. Naye George Westinghouse alikuwa amepata hati ya breki yake ya hewa mwaka 1869. Dawa ilikuwapo basi, lakini wenye mashirika ya reli hawakuwa na haraka ya kuinunua kwa ajili ya mabehewa ya mizigo. Gharama ilikuwa kubwa, na wafanyakazi walikuwa wengi.

Lorenzo Coffin hakukubali. Alikuwa mkulima wa Iowa, aliyewahi kuwa mwalimu na kuhudumu kama kasisi wa jeshi. Mwaka 1874, akiwa safarini, alimwona mfunga breki akikatwa vidole wakati wa kuunganisha mabehewa. Tangu siku hiyo hakunyamaza. Alipanda treni za mizigo ili aone mwenyewe. Aliandika barua na makala, akahudhuria mikutano ya wakuu wa reli bila kualikwa, akazungumza makanisani na popote walipomsikiliza. Wengine walimwona kuwa ni mtu wa kusumbua. Mwaka 1883 alifanywa kuwa mmoja wa makamishna wa reli wa jimbo lake. Mwaka 1886 na 1887 breki za treni ndefu zilijaribiwa huko Burlington, Iowa, na jaribio la pili likaonyesha kwamba hewa inaweza kulisimamisha treni la mabehewa 50 salama. Hatimaye, tarehe 2 Machi 1893, Rais Benjamin Harrison alitia sahihi sheria iliyoyataka mashirika yatumie breki za hewa na viungo vinavyojifunga vyenyewe. Coffin alikabidhiwa kalamu iliyotumika. Sheria nyingine ya mwaka 1910 ilitaja ngazi, vishikio na njia za juu ya paa, ili kila mfanyakazi avikute mahali palepale katika kila behewa, hata gizani.

Kwa hiyo kile kishikio cha waya, ambacho fundi wetu anakipinda kwa kibanio, hakikuwekwa pale kwa urembo. Kiliwekwa kwa sheria, na sheria ililipiwa kwa mikono na maisha ya watu. Akikiweka mahali pasipo pake, au akikiacha kwa kuwa ni kidogo mno, hakuna atakayeumia. Lakini habari itakuwa imesimuliwa vibaya.

Mabadiliko yaliyofuata nayo yanasomeka. Chini ya behewa la miaka ya 1920 fundi huweka mtungi na silinda vilivyoungana, breki ya aina ya K. Mabehewa mapya ya kuanzia mwaka 1933 yalipata aina ya AB, yenye vyombo vitatu vilivyotengana, na mwaka 1953 yale yenye K yalikatazwa kupita kutoka shirika hadi shirika. Tangu mwaka 1966 mabehewa mapya ya sanduku hayakuwekewa tena njia ya juu ya paa, maana hakuna aliyehitaji kutembea huko. Ya zamani yalipunguzwa ngazi, yakaandikwa onyo kwamba mtu asipande. Anayeyapanga mabehewa yake kwa miaka anaweza kumwonyesha mtoto, pasipo kitabu, jinsi watu walivyoteremshwa kutoka mahali pa hatari.

Kazi ya mikono

Hebu tuone kazi yenyewe. Vipande vya resini huoshwa, kisha kingo husuguliwa kwa msasa hadi ziwe sawa. Kuta nne huunganishwa kwa gundi ya haraka, na pembe hupimwa kwa kipimapembe kidogo cha chuma. Vitundu hutobolewa kwa mkono kwa keekee nyembamba kama sindano, na katika kila kitundu huingizwa waya wa milimita 0.3. Kichwa cha ribiti ambacho katika behewa la kweli kina upana wa sentimeta 3, hapa ni theluthi moja ya milimita. Zipo karatasi za kubandika kwa maji zenye safu za ribiti kama hizo, nazo hukatwa na kulazwa mstari baada ya mstari.

Kisha huja rangi, maandishi na nembo, na mwisho kabisa uchafu. Ndiyo, uchafu! Behewa la kweli halikukaa jipya. Lilipata moshi, vumbi na kutu. Fundi hulifuta kwa rangi iliyotiwa maji mengi, akaongeza unga wa chaki, lakini nambari zilizoandikwa upya huziacha safi, kwa sababu mfanyakazi wa kweli alizisafisha alipolipima behewa.

Na mabehewa yakiwa mengi, huangaliwa pia yanavyochanganyika. Behewa la sanduku lilikuwa msafiri. Lilipakiwa mashariki, likapakuliwa magharibi, likapewa mzigo mwingine wa kusini. Kwa hiyo hata reli ndogo ya mlimani ilipitiwa na mabehewa ya Pennsylvania na New York Central, mashirika yaliyokuwa na mabehewa mengi mno. Mwenye bidii huhesabu mabehewa katika picha za treni za zamani ili mchanganyiko wake usiwe wa kujipendeza.

Kwa nini basi wanahangaika hivi? Sababu moja ni kwamba yale ya kweli yamekwisha. Injini za mvuke zilipendwa, na nyingi zimewekwa katika makumbusho. Behewa la mizigo halikupendwa na mtu. Sheria za mashirika ya reli zenyewe huyawekea mabehewa kikomo cha miaka 40 au 50 ya kusafiri kati ya shirika na shirika, kisha hukatwa kuwa chuma chakavu. Machache yamehifadhiwa, kama yale yaliyo katika makumbusho ya reli ya Illinois katika mji wa Union. Aina nyingine hazikuacha hata moja. Hizo leo zinaonekana kwenye picha, michoro, na meza za watu hawa.

Na nyumbani je?

Hatusemi kwamba kila mwenye treni ndogo ni mtu wa kusifiwa. Usahihi ni kitu chema, lakini mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa ribiti na asiwe mwaminifu kwa jamaa yake. Kwa hiyo, dada mpendwa, kama kuna fundi wa namna hii nyumbani mwako, awe mumeo, baba yako, mwanao au wewe mwenyewe, haya yafaa kuzungumzwa mezani kwa upole.

Kwanza, fedha. Behewa moja lililo tayari laweza kugharimu dola 50 au zaidi, na treni ina mabehewa mengi. Pateni kiasi cha kila mwezi ambacho wote wawili mnakijua. Hakuna kinacholeta uchungu kama kiboksi kilichofichwa nyuma ya kabati.

Pili, afya. Vumbi la resini halifai kwa mapafu. Litumike maji wakati wa kusugua, na barakoa ivaliwe. Rangi inyunyiziwe mahali penye hewa. Vipande vya risasi vinavyotumika kuongeza uzito ni sumu, hasa kwa watoto. Mikono ioshwe, na chombo chake kiwekwe mbali na wadogo.

Tatu, watoto. Usiwafukuze kwa kelele za "usiguse!" kila siku. Mpe mtoto behewa la bei nafuu alivunje na kuliunda tena. Mweleze ngazi ile ilikuwa ya nani. Mtoto anayetengeneza gari la waya na makopo naye huangalia gari la kweli lilivyo kabla ya kupinda waya wake, na akishajifunza kuangalia hivyo, atauangalia vivyo hivyo na mgonjwa, mtambo au daftari la hesabu.

Nne, na hili ndilo linalosahauliwa, ni siku ambayo fundi hatakuwapo. Wajane wengi hubaki na mamia ya viboksi wasiojua kama ni takataka au mali. Mpita njia huja na bei ya kutupa, nao huuza kwa kuchoka. Fundi na aandike akiwa hai: behewa hili ni la aina gani, liliundwa kwa picha ipi, lilinunuliwa kwa kiasi gani, na rafiki yupi aitwe kusaidia. Daftari moja latosha. Picha za zamani na michoro, ambavyo mara nyingi vina thamani kuliko mabehewa yenyewe, vitajiwe chama cha historia ya reli kitakachovipokea.

Mtu aliyetumia miezi mitatu kutafuta upande ambao usukani wa breki ulikaa mwaka 1925 hawezi kusema kwamba kuandika daftari hilo ni kazi kubwa. Mwambie aanze jioni hii, kwa behewa lililo mezani sasa. Nawe keti karibu naye umwulize lile swali linalowafurahisha wote wa namna yake: hiki kidogo hapa, kilikuwa cha kazi gani?